Mgeni Hanunui Samaki: Maneno Niliyowaambia Vijana wa Boti, Watamu

Maneno haya niliyasema Watamu, pwani ya Kenya, chini ya mkungu, pale tunapopandishia vyombo, kusi ikiwa inamalizika. Wengi wenu siku ile mlikuwa baharini. Nimeyaandika yote kama yalivyotoka, pamoja na pale mama yangu aliponikatiza.

Assalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Kina mama karanga, wakaangaji wetu wa samaki, mmeacha makaango yenu kuja kunisikiliza, ahsanteni. Vijana wa boti, hamjambo? Na nyinyi wa ngalawa mlioketi kule nyuma mmenuna, najua mnachonunia. Nitafika kwenu, nipeni subira.

Nimeombwa niseme juu ya uvuvi wa uzi mwembamba na uvuvi wa manyoya, ule tunaouita flai. Msimu unafunguka, na wageni wanaoutaka wanazidi kila mwaka. Kazi hii nimeifanya miaka 26. Nilianza kwa kuosha sitaha na kukata chambo, nikapandishwa kukaa tezini, nyuma ya boti, nikawa nahodha, na leo magoti yamekataa mawimbi ndiyo maana mnaniona nimesimama mchangani nikiongea.

Naanza na swali la babu yangu.

Babu alikuwa mvuvi wa mshipi wa mkono. Alitoka na ngalawa alfajiri kwa upepo wa umande, akarudi jioni, na kidole chake cha shahada kilikuwa na mfereji ulioachwa na mshipi. Mwaka nilioanza kazi nilimletea nyumbani kipande cha uzi wa mgeni. Nikamwambia, babu, uzi huu unakatika kwa kilo 10. Mgeni amelipa pesa ambazo sisi hatuzioni kwa miezi, halafu anaenda nao kumtafuta sulisuli wa kilo 30. Babu akauvuta katikati ya vidole, akaunusa hata, kisha akaniuliza: "Uzi mnene dukani umekwisha?"

Umekwisha? Nawauliza nyinyi. Mtu mwenye uwezo wa kununua kamba ya kufungia jahazi, kwa nini anachagua uzi wa kushonea kanzu?

Babu alifariki sijampa jibu la kumtosha. Nililipata baadaye, na ni hili: mgeni hanunui samaki. Samaki angempata sokoni, tena ameshaparuzwa magamba. Mgeni huyu ananunua ugumu. Anataka apewe kila sababu ya kushindwa, kisha asishindwe. Na ugumu huo, ndugu zangu, haubebi yeye peke yake. Kadiri uzi wake unavyokuwa mwembamba, ndivyo kazi yako wewe inavyokuwa nene. Kwa uzi mnene hata nahodha mzembe atarudi na samaki. Kwa uzi mwembamba uzembe wako unaonekana kabla ya chakula cha mchana.

Wengine hapa hamjapata kuuona uvuvi wa flai kwa karibu, kwa hiyo nitaeleza. Katika uvuvi tuliouzoea, uzito uko kwenye chambo au kwenye risasi, na uzito huo ndio unaovuta uzi kwenda mbali. Flai ni ndoana iliyovikwa manyoya na nyuzi za kumetameta. Ukubwa wake unakudanganya, ukiiweka kiganjani ni kama hujashika kitu. Uzito uko kwenye uzi wenyewe, ule mnene wa rangi, na mgeni anaupeperusha nyuma na mbele hewani mpaka unyooke ndipo auachilie. Upepo ukija upande wa mkono wake wa kurushia, ndoana inamrudia shingoni. Mwisho wa uzi ule mnene kuna kipande chembamba, na sheria za shirika la kimataifa la uvuvi wa michezo, IGFA, zinasema kipande hicho kisizidi nguvu ya kukatika kwa kilo 10. Sheria hizo hizo zinasema injini iwe imetolewa gia kabla mgeni hajarusha. Kwa hiyo huwezi kumburuzia sulisuli ndoana ya manyoya kama tunavyorambaza chambo. Lazima samaki aje mwenyewe mpaka nyuma ya boti, umbali wa mita 10 hivi, akiwa ameshapandwa na hasira.

Anakujaje? Hapo ndipo penye kazi. Tunarambaza vyambo vya uongo visivyo na ndoana, tunaviita tiza, na kimoja tunakifunga ukanda wa tumbo la sehewa ili kiwe na ladha. Sulisuli anatokea nyuma yake. Unaona kwanza kivuli cha kahawia, halafu tanga linapasua maji. Anakichapa kwa mdomo. Aliyeshika rodi ya tiza anamwonjesha, anamnyang'anya. Anamwonjesha, anamnyang'anya. Samaki anawaka mwili mzima, mistari ya buluu na zambarau, utadhani kuna taa ndani. Unamleta, unamleta, nahodha anatoa gia, tiza inarushwa nje ya maji kwa mkupuo mmoja, na mahali pale pale inaangukia flai ya mgeni.

Ukiinyanyua tiza mapema, samaki anazama na kwenda zake. Ukichelewa, anaiona boti, anazama vilevile. Kuna kama pumzi mbili za kupatia. Wazee walisema hasira ya mkizi furaha ya mvuvi. Hasira ya sulisuli ndiyo karo ya wanangu.

Sasa niambieni: hapo nani amevua? Mgeni atasema ni yeye, na mwachie aseme, amelipia. Lakini nahodha alikuwa ameona wapi maji machafu ya mto Sabaki yanakutana na maji ya buluu, akafuata mpaka huo kwa sababu dagaa wanajibanza pale. Kijana aliyesimama juu aliona shakwe wanazunguka mahali pamoja. Wa tezini alikuwa na mkono. Mgeni alinunua macho sita.

Na biashara hii ya macho haikuanza jana. Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, alivua Malindi mwaka 1934. Nimeona jina lake limetajwa mara nyingi, hata na watu wasiojua kuogelea. Mimi huwa najiuliza swali moja tu. Siku ile nani alikuwa ameshika usukani? Nani alimwambia, leo tusiende kaskazini, twende kule?

Sasa niwachekeshe kidogo, maana jua limeanza kuhama na naona wengine mnasinzia.

Wageni wa flai wana desturi ya kuelekezana kwa saa. Boti ni uso wa saa. Omo, yaani mbele, ni kumi na mbili yao, kulia ni tatu yao, tezi ni sita, kushoto ni tisa. Ukiona samaki kushoto unamwambia mgeni tisa, naye anarusha kushoto. Rahisi, sivyo?

Desemba moja tulikuwa kando ya mwamba, maji yanajaa, tunawatafuta kolekole wanaopanda na maji kuja kula. Kijana wetu mmoja, leo ni nahodha na yuko hapa amejificha nyuma ya mashua ile, alisimama omo. Macho yake ni ya mwewe. Akaona kolekole mkubwa anakuja kushoto. Akakumbuka: samaki yuko pale mshale wa saa unapoelekea ikiwa ni saa tatu asubuhi. Saa tatu! Na tatu kwa Kiingereza ni nini? Akapiga kelele kwa nguvu zake zote: "Thrii! Thrii!" Mgeni akageuka kulia, akarusha vizuri kabisa, mrusho wa kupigwa picha, kwenye maji matupu. Kolekole akapita kushoto bila haraka.

Baada ya muda akatokea mwingine, huyu kwenye omo moja kwa moja. Saa sita kamili! "Siksi!" Mgeni akageuka akaiangalia injini.

Mnacheka. Lakini angalieni: saa yetu na saa yao ziko pande mbili zinazotazamana, kwa hiyo kijana yule hakukosea kidogo, alikosea kwa uhakika, kila mara, upande wa pili kabisa. Na ningekuwa mimi ningefanya vilevile, kwa sababu jua la kwetu ndilo linaloanza kuhesabu. Tangu siku ile kwenye boti yangu saa ilipigwa marufuku. Namwambia mgeni, elekeza ncha ya rodi kule unakodhani. Kisha nasema kulia, kulia tena, simama hapo. Akisimama, namwambia umbali. Na umbali umpe kwa kipimo cha kwao: Mmarekani hajui mita, mwambie futi. Futi 40 ni mita 12 tu, lakini ukimwambia 12 atakurushia miguuni.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo silipendi.

Januari moja, miaka mingi iliyopita, nilikuwa tezini. Mgeni alitaka ampate sulisuli kwa uzi wa kilo 6. Tukampata wa kwanza kabla ya saa nne. Aliruka, akaruka, akachukua uzi wote wa rangi na uzi wa akiba ukatoka mpaka chuma cha rili kikaanza kuonekana. Tukamfuata kwa injini. Saa nzima ikapita. Kufikia hapo nilijua, naapa nilijua, kwamba samaki hapigani tena. Alikuwa amelala ubavu chini huko, anavutwa kama gunia, na uzi ule haukuwa na nguvu ya kumnyanyua. Nilipaswa kusema: bwana, kata. Sikusema. Mgeni alikuwa anafurahi, jasho linamtoka, na mimi nilikuwa nahesabu bakshishi kichwani.

Baada ya saa mbili na dakika arobaini alifika ubavuni mwa boti. Ile mistari ya kuwaka ilikuwa imezimika, amekuwa rangi ya sufuria kuukuu. Tukamshika mdomo, nahodha akaenda polepole ili maji yapite kwenye matamvua. Dakika kumi. Robo saa. Nikafungua mkono. Akashuka kichwa mbele, akageuka tumbo juu, akaendelea kushuka, nami nikamwona mpaka asionekane. Hata kuliwa hakuliwa.

Mgeni akanikumbatia. Bakshishi ilikuwa nono. Sikuwaambia nyumbani imetoka wapi.

Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba uzi mwembamba ni uvuvi wa huruma, msimwamini hivi hivi. Samaki anayepigana muda mrefu ni kama mtu aliyekimbizwa juani bila kupumzika. Misuli inajaa sumu ya uchovu, na maji ya kaskazi ni ya moto, hewa iliyomo ndani yake ni pungufu. Uzi mwembamba mikononi mwa mtu asiyejua unaua polepole, na anayeua polepole ana deni kubwa kuliko anayeua mara moja. Dawa ni nini? Mfundishe mgeni kuvuta kwa ubavu, rodi chini, mara kulia mara kushoto, asiinue rodi juu kama bendera. Nahodha amsogelee samaki mapema. Mpatie kipande kinene kabisa kinachoruhusiwa. Na uweke muda wako kichwani. Ukifika, mwambie akate. Akinuna, anune. Kwa wale wanaovua sulisuli kwa chambo halisi na uzi mwepesi, tumieni ndoana ya duara, ile inayojipinda kurudi ndani, maana inashika pembeni mwa taya badala ya kumezwa tumboni. Na picha ipigwe samaki akiwa majini. Akinyanyuliwa kupakiwa sitahani, uzito wa matumbo yake mwenyewe unamwumiza, hana miguu ya kuubeba.

Hapa mama yangu aliinua mkono. Mama ni mama karanga, amekaanga samaki pale njia panda tangu sijazaliwa. Akasema mbele ya watu wote: "Mwanangu, nimekusikiliza tangu mwanzo. Nyinyi mnamshika samaki, mnamwuguza, kisha mnamwacha aende. Na jirani yangu watoto wamelala na chai ya rangi. Hiyo si kufuru?"

Watu wakanyamaza. Nikamjibu, mama, jodari tunaleta, nguru tunaleta, felusi tunaleta, na wewe mwenyewe unanunua kwetu. Tunayemwacha ni sulisuli na jamaa zake.

Akasema: "Na yule sulisuli wanaomkausha kwa moshi wakamkata vipande vyembamba kule mahotelini, yeye ametoka mbinguni?"

Jibu safi sina, mama, na nilikuambia pale pale. Kilo za sulisuli zinauzwa mara moja. Sulisuli aliyeachwa akiwa hai anaweza kuwaka tena nyuma ya boti nyingine, akalisha nahodha, baharia, muuza mafuta, na dereva wa tuktuk aliyemleta mgeni. Hapa hapa Watamu ipo taasisi ya African Billfish Foundation. Tunamchoma samaki kibandiko chenye namba mgongoni, tunajaza kadi yenye tarehe, mahali na uzito wa kukadiria, kisha tunamwachia. Vibandiko vingine vimerudi baada ya samaki kuvuliwa tena, kwa hiyo tunajua kwamba wapo wanaoishi. Kule Belize, nchi ya pwani kama hii, wamefika mbali zaidi. Tangu mwaka 2009 sheria yao inataka samaki watatu wanaopendwa na wageni wa flai waachiwe, wasiuzwe kabisa. Na waongoza wageni wao wengi ni wavuvi na watoto wa wavuvi.

Lakini hesabu hiyo ni nzuri kwa mtu ambaye tuktuk inasimama mlangoni kwake. Kwa jirani yako, mama, ni hadithi. Ndiyo maana nasema boti inayoleta jodari kumi na kuwapeleka wote hotelini, bila mmoja kusimama pale njia panda, haina haki ya kumwambia mtu yeyote habari za kuhifadhi. Nilisema hivyo na wenye boti wawili walikuwepo. Walitazama simu zao.

Sasa nyinyi wa ngalawa.

Nilipokuwa baharia, boti niliyokuwamo ilipita juu ya jarife, wavu wa kutega, alfajiri, giza bado. Tukasikia panga la injini linatafuna. Nahodha akarudisha nyuma, tukakata kilichojizungusha, tukaendelea, kwa sababu mgeni alikuwa amelipia siku nzima na mashariki kulikuwa kunapambazuka. Hakuna aliyesema neno. Jioni nikafika nyumbani, nikamkuta ami yangu amekaa barazani anashona jarife. Aliniona naingia. Hakuniuliza kitu, aliendelea kushona, na sindano yake ilikuwa inapita mahali ambapo mimi mwenyewe nilikata kwa kisu. Niliijua mikato yangu.

Ami alikufa hajaniuliza. Nami sikumwambia. Leo nawaambia nyinyi, kwa sababu ninajua kwa nini mmeketi kule nyuma.

Manahodha, sikilizeni. Namba za simu za wenye majarife mnaweza kuwa nazo, watu wenyewe ndio hawa. Jioni piga, uliza nani ametega wapi. Alfajiri nenda polepole mpaka jua litoe jicho. Ukikata, simama, ulipe, na mgeni aelezwe kwa nini amechelewa. Wengi wao wana ubinadamu kuliko mnavyodhani. Na ile mipaka ya hifadhi ya baharini, ambayo iko tangu mwaka 1968, mnaijua. Mvuvi wa ngalawa akifukuzwa ndani ya mpaka, halafu akaona boti ya kitalii inarusha flai pale pale, mnadhani atahifadhi nini?

Na nyinyi wa nyuma, nina ombi. Wageni wa flai wa siku hizi wengi hawataki tena kwenda kilindini. Wanataka maji ya kiunoni, wanataka kutembea kwenye mafungu na kando ya mwamba, wamuone kolekole au mzia kwa macho kabla ya kurusha. Ushelisheli wanalipa pesa nyingi kwa kutembea tu kwenye maji ya namna hiyo. Huko kwenye maji mafupi injini haipigi kelele, boti inasukumwa. Kwa kitu gani? Kwa pondo! Nilipoiona mara ya kwanza kwenye picha, mzungu amesimama juu ya jukwaa la fahari anasukuma boti kwa mti mrefu, nilicheka mpaka nikatoka machozi. Babu yangu alikuwa na pondo. Nyinyi mna pondo. Vijana wa boti za injini hawaijui. Wakipewa wanazunguka mahali pamoja kama kuku aliyekatwa kichwa.

Nani anajua bamvua inapojaa maji yanaanza kuingilia mlango gani? Nani anajua fungu gani linakauka kwanza, na kolekole anasubiri upande gani wa kilima cha mchanga? Pwani yetu maji yanapanda na kushuka karibu mita 4 wakati wa bamvua. Ukikosea nusu saa, umemtembeza mgeni kwenye nyasi za bahari bila kuona mkia. Mimi na miaka yangu 26 ya kilindini sijui haya kama mnavyoyajua nyinyi. Babu alijua. Uzi mwembamba hakuuelewa, lakini angekuwa hai leo wageni wangempangia foleni.

Kiingereza? Kulia, kushoto, simama, rusha. Maneno manne. Na saa tumeshaipiga marufuku.

Basi. Kesho ni bamvua, maji yatakuwa yamekupwa saa nne asubuhi, saa nne ya kwetu. Nitakuwa mchangani pale mbele na rodi tatu za kuazima. Anayetaka kujifunza kurusha aje, wa boti na wa ngalawa, na wasichana pia, nimeona mikono yao kwenye kusuka ukili na inafaa. Kila mtu avae kofia na miwani, kwa sababu siku ya kwanza ndoana zote zitapita nyuma ya sikio la mwenzako. Na mama, njoo na kaango. Ami mdogo amesema atatangulia na ngalawa, na akirudi na changu, hao hatuwaachii.